Pini ya Sekunde Thelathini na Tano

Pale kiwandani walimwita Mkasi, na yeye alijua. Hakuwa mshonaji. Kazi yake ilikuwa kukata tu, na katika miaka ishirini na ushei aliyokaa kwenye kile chumba chenye kioo kilichopasuka, hakuna mtu aliyewahi kumwona akiongeza kitu.

Kwenye karatasi za ofisi alikuwa karani wa gharama. Kiwanda kinatoa vyuma vidogo vidogo kwa maelfu, bushi, nati, springi, pini za bawaba, na mteja anataka kujua kimoja kitauzwa kiasi gani. Basi lazima mtu akae chini aseme kinagharimu nini. Asiyejua hudhani unachukua bei ya chuma, unaweka faida juu yake, mambo yamekwisha. Mkasi alitamani sana kumkalisha mtu wa namna hiyo kitini amfungue macho. Ndani ya pini moja, yenye urefu wa kidole cha shahada, kuna chuma chenyewe, na kuna chuma kilichochubuka kikaanguka chini kikafagiliwa. Kuna kisu cha mashine kinachokwisha makali. Kuna umeme, kuna mafuta ya kupoozea, kuna pini zilizoharibika ambazo hakuna atakayezinunua, kwa hiyo zile nzima zinabeba mzigo wa wenzao. Kuna asubuhi nzima ya fundi kuitega mashine kabla haijatoa hata pini moja, na asubuhi hiyo unaigawa kwa idadi ya oda. Ndiyo maana oda kubwa hushusha bei na oda ya kuombaomba huipandisha. Hata mlinzi wa lango, ambaye tangu azaliwe hajagusa pini, kachembe ka mshahara wake kamo humo. Vyote hivi Mkasi alikuwa navyo kichwani, na ungemwamsha usingizini angekutajia kimoja kimoja.

Kilichobaki ni kitu ambacho hakina risiti, nacho ni muda wa mtu. Sekunde ngapi tangu mkono uchukue chuma hadi pini iangukie kwenye boksi? Hilo huwezi kulijua ukiwa ofisini. Lazima uchukue ile saa ya kupimia, yenye kitufe cha kubonyeza juu, ushuke karakanani, usimame kando ya mashine na umtazame binadamu mwenzako akifanya kazi.

Na binadamu akitazamwa na mwenye saa, huvuta. Hivyo ndivyo walivyouita mchezo huo, kuvuta. Bingwa wake alikuwa mkerezaji mmoja mkongwe waliyemwita Grisi. Siku za kawaida Grisi alitoa pini huku anapiga soga na mtu wa mashine ya tatu. Saa ikitokea tu, mzee anakuwa mtu wa adabu za ajabu. Anafuta mikono kwa kitambaa, kidole kwa kidole. Anapima pini, anaitazama, anaipima tena kana kwamba kuna mtu atakayelala nayo. Anainama kupuliza vumbi la chuma, anainuka akishika kiuno. Hatanii wala hacheki, amekuwa mtakatifu.

Mkasi hakukasirika. Aliandika kila alichokiona, akarudi ofisini, akakata sehemu moja ya sita. Mafundi walijua anakata sita, kwa hiyo walivuta kwa kipimo hicho hicho au kuzidi kidogo. Naye alijua kwamba wanajua. Hakuna aliyewahi kuyasema haya kwa mdomo, lakini yalifanya kazi vizuri kuliko mambo mengi yaliyobandikwa ubaoni, na muda uliotoka hapo mtu aliweza kuufanyia kazi zamu nzima na bado akarudi kwake akiwa mtu.

Sasa tuje kwa dada yake.

Alikuwa mdogo wake wa mwisho, wameachana miaka mingi, na wazazi walipofariki aliletwa kwa kaka yake akiwa bado anaota meno ya ukubwani. Mkasi na mkewe wakamlea pamoja na watoto wao, na watoto wakawa wanagombana naye kama ndugu halafu wanakumbuka kumwita shangazi wanapotaka kitu. Msichana alikuwa na mikono. Pasi ikiharibika, yeye. Kitasa kikigoma, yeye. Alipomaliza shule na mlango wa chuo kumfungikia, Mkasi aliomba kitu kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe: alikwenda kwa meneja akasimama, akasema ana mdogo wake, anajua kujifunza. Meneja akamchukua kwa majaribio. Ulikuwa mwezi wa furaha nyumbani kwao, na mkewe Mkasi alimshonea wifi yake mfuko wa kuwekea glovu.

Karakanani walimpenda. Akashika kazi upesi mpaka wakamwita Umeme, na Grisi mwenyewe ndiye aliyemfundisha jinsi ya kusikiliza kisu kinapolalamika. Lakini kuna somo moja Grisi hakulifikia, maana halifundishwi mpaka siku yake ifike. Na siku ilipofika Grisi alikuwa likizo.

Ilikuja zabuni ya pini za bawaba za milango ya malori, oda kubwa kuliko zote walizowahi kuziona, na mteja alitaka bei haraka. Meneja akachungulia ofisini kwa Mkasi. "Nenda kapime muda."

"Grisi hayupo, bosi."

"Si kuna mtu kwenye mashine? Mpime huyo aliyepo."

Aliyekuwepo ni dada yake. Mkasi alishuka na saa mkononi, na karakana yote ikanyamaza kwa namna ile ambayo watu hunyamaza huku mashine zikiendelea kuunguruma. Walikuwa wanamtazama yeye, siyo yule binti. Aliyahisi yale macho shingoni: haya, tuone sasa, damu yake atampima vipi?

Dada alimtazama kaka yake mara moja, akashusha miwani ya kinga, akaanza. Hakufuta mikono, hakupuliza vumbi wala kupima mara mbili. Chuma kikaingia, kisu kikashuka, pini ikaanguka boksini, na nyingine, na nyingine, mdomo ameubana na jasho linamtoka kwenye kipaji cha uso. Mkasi alipima pini kumi na mbili. Wastani ulikuwa sekunde arobaini na mbili.

Hapa ndipo ninapotaka kumshika Mkasi kola. Jicho lake lilikuwa na miaka ishirini ya kuwatazama watu wakivuta, linajua kila dalili, na hapa hapakuwa na dalili hata moja. Aliliona hilo. Unajua alichofikiri? Alifikiri huyu mtoto amekuwa mjanja kuliko Grisi, amejua kuvuta bila kuonekana. Na wazo la pili lilikuwa baya zaidi: nisipomkata watasema nambeba. Basi akarudi ofisini, akakata moja ya sita kama anavyomkata kila mtu, akapata thelathini na tano, na akajiona mtu wa haki. Siku hiyo alikwenda nyumbani ametulia, hata akaimba bafuni.

Bei ikatoka chini kuliko ya washindani wote, na kiwanda kikapata oda. Meneja akamshika Mkasi mkono mbele za watu. Wiki iliyofuata karatasi ikabandikwa ukutani: pini mia saba kwa zamu, na mashine tatu zikahamishiwa kwenye kazi hiyo. Asiyefikisha, mshahara wake unapungua.

Walijaribu. Wa mashine ya tatu alifikisha mia tano na sitini siku ambayo hakwenda hata chooni. Aliyekula chumvi nyingi na aliyeanza juzi, wote waliishia hapo hapo. Wakaanza kuulizana muda huu umetoka wapi, nani aliyepimwa, na jibu halikuwa na haja ya kutafutwa. Yule dada yake Mkasi, nani mwingine. Jina la Umeme, lililokuwa la sifa, likageuka kuwa tusi. "Muulize Umeme," walisema mtu alipokatwa mshahara. Kaliperi yake ya kupimia ilipopotea hakuna aliyemwazima. Alipokaa kantini, wenzake walikumbuka ghafla kwamba wana kazi. Grisi aliporudi likizo akasoma karatasi ya ukutani, akamfuata, akamuuliza swali moja tu: "Kwa nini hukuvuta, mwanangu?" Naye ndiyo kwanza alikuwa anajua kwamba ilimpasa kuvuta.

Na yeye mwenyewe hakufikisha mia saba.

Nyumbani mkewe Mkasi aliona vidole vya wifi yake vimechanjwachanjwa na nyuzi za chuma, akauliza, akaambiwa ni kazi. Mkasi naye aliona, na akajitia hamnazo. Karani wa gharama anajua pini ngapi zinaharibika kwa siku. Asingeshindwa kujua kuna kinachoharibika mezani kwake.

Siku moja ya mapumziko alimkuta uani anafua overoli. Jua lilikuwa kali na watoto walikuwa wamekwenda kucheza.

"Kaka," alisema bila kuinua kichwa, "siku ile ulipima ngapi?"

"Arobaini na mbili."

"Na ukutani imeandikwa thelathini na tano."

"Nilikata sita. Nawakata wote."

Dada aliikamua overoli, akaikunja mkononi, akaishika hivyo bila kuianika. "Hata mimi?"

"Wote huvuta, mdogo wangu. Nami hukata. Ndivyo ilivyo kazi."

"Mimi sikuvuta."

"Sasa najua."

"Nilikwenda mbio mpaka bega likaniuma. Nilisema ni kaka yangu, ndiye aliyeniombea kazi, nikimletea muda mbaya ataaibika mbele ya yule bosi. Nilifanya kwa ajili yako."

"Na mimi nilikata kwa sababu ni wewe," alisema Mkasi. "Wasiseme nakubeba."

Alipoyasikia maneno hayo yakitoka mdomoni mwake aliona aibu, na ilikuwa aibu ya kweli, ya kumchoma kifuani. Nampa haki yake hapo. Alimwambia dada yake: kesho nakwenda kwa meneja, muda utapimwa upya, haya mambo yatakwisha. Dada yake akaanika ile overoli. Jioni hiyo alicheka na watoto kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, na mkewe Mkasi akamtazama mumewe kama mtu aliyefanya jambo.

Meneja hakuwa mtu mbaya. Ingekuwa afadhali angekuwa mbaya. Alimsikiliza Mkasi, akakoroga chai yake, akasema hakuna shida, kama kuna wasiwasi tutapima upya, mashine ile ile, mtu yule yule. "Nami nitashuka mwenyewe," alisema. "Nipumue kidogo mbali na hizi karatasi."

Mkasi akamwambia dada yake njiani, wakitembea kwenda kazini. "Leo vuta. Vuta kama wenzako. Futa mikono, pima mara mbili, usikimbie."

"Sijui kuvuta, kaka."

"Hakuna asiyejua. Fanya polepole tu. Mengine niachie mimi."

Habari zilikuwa zimeshatangulia. Karakana ilisimama ile ya kusimama kweli, watu wakajifanya wanatia mafuta mashine zilizokwisha tiwa mafuta. Safari hii hawakumtazama Mkasi kwa kejeli. Wa mashine ya tatu alimwonyesha Umeme dole gumba kwa siri, na Grisi alikuja akasimama nyuma yake karibu, kama mzazi siku ya mtihani. Kila mtu pale alikuwa na mshahara wake kwenye zile sekunde.

Dada akaanza kuvuta, na maskini, alikuwa hajui kweli. Alifuta mikono ambayo haikuwa na mafuta. Alipima pini, akasahau kuisoma, akaipima tena akiwa anaitazama sakafu. Alisimamisha mashine bila sababu akaiwasha. Mtoto wa chekechea angemshtukia. Mkasi alibonyeza saa yake, akaandika, akabonyeza, na wastani ukaja hamsini na tano. Moyoni alishahesabu: nikikata sita inabaki arobaini na tano na kitu, inatosha, watu watapumua.

Meneja alikuwa amekunja mikono. Alimtazama yule binti muda mrefu, kisha akamgeukia Mkasi, akauliza kwa upole kabisa, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia: "Wewe ndiye mwenye jicho hapa. Mara ya kwanza ulimwandikia thelathini na tano. Leo ni hamsini na tano. Ama siku ile ulikosea, ama leo huyu anavuta. Ni lipi?"

Hilo ndilo swali. Lilikuwa jepesi, na majibu yalikuwa mawili, na moja lilikuwa neno moja: nilikosea. Dada yake aliacha mashine, akavua miwani. Alikuwa anamwangalia bila hofu yoyote, maana si aliambiwa mengine amwachie yeye?

Mkasi aliwaza miaka ishirini na ushei bila kosa lililoandikwa. Aliwaza jina alilojijengea ofisini, la mtu anayejua gharama mpaka senti ya mwisho. Aliwaza bei iliyokwenda kwa mteja ikiwa na sahihi yake chini. Na kulikuwa na jambo lingine, dogo na la kipumbavu, nalo ni kwamba alikuwa ameulizwa jambo la kazi, nalo jicho lake lilijua jibu. Watu wakisema baadaye kwamba alipigwa butwaa usiwasikilize. Hakuteleza ulimi. Aliliona neno, akamwona na mtu litakalomwangukia, akalisema.

"Leo anavuta," alisema.

Grisi akaguna. Meneja akatikisa kichwa taratibu, kwa masikitiko, kama mtu anayethibitishiwa jambo ambalo asingependa liwe kweli. Binti alikuwa bado kwenye majaribio, hakuhitaji barua ya onyo wala kikao. Kufika saa ya chai alikuwa amemwaga unga, glovu ziko kwenye ule mfuko alioshonewa na wifi yake, na mtu wa stoo anamhesabia vifaa.

Hakurudi nyumbani na kaka yake. Alitangulia, akafunga virago vyake, akawabusu watoto, akaondoka kwenda kukaa na rafiki yake waliyesoma naye. Mkasi alipofika mkewe alikuwa amesimama mlangoni.

"Baba watoto, umemfanya nini mdogo wako?"

Akamweleza. Alianza mbali, kwenye zabuni, akapita kwenye sita inayokatwa, akaeleza kwa nini muda ukibadilika bei nayo lazima ieleweke ilitoka wapi. Alieleza vizuri sana. Mkewe akamsikiliza mpaka akafika mwisho, akasema, "Sikukuuliza habari za pini," akaingia jikoni. Tangu siku hiyo humpa chakula, humsalimu, humpigia pasi mashati, na hamuulizi kitu.

Sasa sikiliza mwisho wa kazi yenyewe. Mashine ilikuwa imesimama na oda inachelewa, kwa hiyo meneja akamweka Grisi, akasema apimwe haraka muda uishe kuzungumzwa. Grisi akavuta kwa ufundi wake wote, akatoa hamsini na nukta kidogo. Mkasi akakata sita. Ikabaki arobaini na mbili. Aliitazama ile namba, akaifanya tena kwenye karatasi nyingine, ikaja ile ile. Akaipeleka kwa meneja, akingoja kuulizwa kuhusu zile sekunde saba na hasara yake kwa kila pini. Meneja akatia sahihi bila kukaa. Alikuwa ameshapata chuma cha bei nafuu kwa muuzaji mwingine, tofauti yote ilifukiwa humo na faida ikabaki. Karatasi ya mia saba ikabanduliwa ukutani siku ile ile. Mafundi walimpiga Mkasi mgongoni kwa furaha; wa mashine ya tatu akamnunulia chai, akasema kumbe mzee na wewe una utu. Akainywa.

Ilimchukua muda kwenda kumtafuta dada yake. Alimkuta kwenye nyumba ya vyumba vingi vya kupanga, anafua nguo za watu kwa ujira, ndoo tatu mbele yake na mikono imekwajuka kwa sabuni. Hakumkimbia wala hakumnunia. Alimpa kigoda, akamwambia, "Shikamoo, kaka," akaendelea kufikicha.

Mkasi alimwambia yote. Kwamba muda sasa ni arobaini na mbili, ile ile aliyoitoa yeye siku ya kwanza. Kwamba meneja hakupinga. Kwamba wenzake wanamtaja kwa wema, na Grisi anamsalimu. Alidhani habari hizo zitakuwa zawadi.

Dada alisuuza shati, akalikung'uta, akaliweka juu ya mengine.

"Kaka, nikuulize kitu. Siku ile bosi alipokuuliza, ungesema tu umekosea, angekufanya nini?"

Mtu wa namna nyingine angetafuta maneno. Mkasi hakuwa na kipaji hicho. Aliinamisha kichwa akalifikiria swali kwa uaminifu, kama anavyofikiria kila kitu: angefukuzwa? Hapana, hapakuwa na mwingine wa kuifanya ile kazi. Angekatwa mshahara? Hapana. Angeshushwa? Kwenda wapi? Alipiga hesabu yote mpaka mwisho, na ikampa jibu moja.

"Angenikaripia," alisema.

"Basi?"

"Basi."

Dada yake akanyanyua ndoo ya maji machafu, akaenda kuimwaga kwenye mfereji, na aliporudi akaanza nguo za mtu mwingine.